Siku Nne Kati ya Mlango na Bawa

Ndege ndogo yenye injini mgongoni inapita karibu na ardhi, kwa kasi, juu ya uwanja wa Schwechat nje ya Vienna. Ghafla kitu kinabanduka kwenye bawa la kulia. Ndege inabiringika, na kabla jicho halijaelewa lilichokiona, imekwisha kuanguka.

Ilikuwa tarehe 10 Desemba 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ndege ilikuwa ya Wajerumani, bado katika majaribio. Rubani aliitwa Gotthold Peter, na hakupona.

Niliitazama filamu hiyo fupi kwa mara ya kwanza nikiwa nimeketi juu ya gogo katika karakana ya fundi seremala mmoja, Keko, Dar es Salaam, nikisubiri zamu yangu na kiti cha kulia chakula kilichoachia mguu. Niliirudia mara tatu, kisha nikamsogezea fundi simu. Ni mtu mzima, ameshika randa tangu ujana wake, na habari za ndege za Wajerumani hajawahi kuzifuatilia. Alitazama mpaka mwisho, akajikung'uta maranda mikononi, akauliza, "Hilo bawa ni la mbao?"

"Ni la mbao, mzee."

"Basi mambo ya injini yaache kwanza, mwanangu. Waulize habari za gundi."

Akauchukua mguu wa kiti changu na kunigeuzia pale ulipokuwa umeungana na fremu. Palikuwa laini na panang'aa, rangi ya chai iliyokolea, kama asali iliyokaukia juu ya kioo. Hapakuwa na hata unyuzi mmoja wa mbao ulioshikiliwa na gundi ile. Halafu akaokota sakafuni kipande cha kazi yake mwenyewe, mbao mbili za mninga zilizounganishwa, akakiegemeza kwenye ukingo wa meza na kukipiga nyundo. Kilivunjika, lakini si kwenye kiungo. Mbao ilichanika pembeni, nyuzi zake zikasimama kama nywele, na mstari wa gundi ukabaki mzima katikati.

"Gundi ikishika sawasawa, mbao ndiyo inayoshindwa kwanza," alisema.

Wiki kadhaa zimepita na bado sijaweza kuiacha ndege ile. Kinachonirudisha kwake ni siku nne zilizoitangulia ajali, na kila ninapozisoma upya naona ajali ilikwisha kujitangaza tangu siku ya kwanza.

Siku tisini

Ndege yenyewe ni Heinkel He 162. Mwanzoni mwa Septemba 1944 Wizara ya Anga ya Ujerumani iliwaita watengenezaji na kuwapa siku chache wawasilishe mapendekezo yao. Ilitaka ndege ndogo ya kivita yenye injini moja ya jeti aina ya BMW 003, kasi ya kilomita 750 kwa saa, mizinga miwili, mafuta ya kutosha nusu saa tu angani, na uzito usiozidi kilo 2,000 hivi. Tena ilitaka mbao kila palipowezekana, kwa sababu aluminiamu ilikuwa adimu, na kazi ya mbao ingeweza kugawiwa kwa karakana zilizozoea kutengeneza samani.

Waliiita Volksjäger, yaani ndege ya kivita ya wananchi.

Waliousukuma mpango huo walikuwa watu wazito, Hermann Göring, mkuu wa Jeshi la Anga, na Karl-Otto Saur wa wizara ya silaha wakiwa mbele. Aliyeupinga waziwazi alikuwa Adolf Galland, mkuu wa ndege za kivita, ambaye alitaka nguvu zote zielekezwe kwenye Messerschmitt Me 262, ndege ya jeti iliyokuwa tayari vitani. Hakusikilizwa. Tarehe 6 Desemba ndege ya kwanza iliruka, takribani siku 90 tangu wizara itoe wito.

Naomba nisieleweke vibaya. Wahandisi wa Heinkel, wakiongozwa na Siegfried Günter na Karl Schwärzler, hawakuchora upuuzi. Baada ya vita Eric Brown, rubani wa majaribio wa Uingereza aliyerusha aina 487 za ndege maishani mwake, aliirusha He 162 na kuisifia wepesi wa kuongozwa. Kilichochorwa kilikuwa kitu cha watu wanaoijua kazi yao, na ndiyo maana yaliyofuata yananiuma zaidi. Kama ingekuwa kazi ya wababaishaji, ningesoma na kufunga ukurasa.

Mlango

Siku hiyo ya tarehe 6, Peter alikaa hewani kwa dakika kama 20. Aliifikisha ndege kasi ya kilomita 840 kwa saa, ambayo ndege za propela zilizokuwa vitani wakati ule hazikuifikia bila kupiga mbizi. Kisha mmoja wa milango midogo ya mbao inayofunika magurudumu ukang'oka. Gundi ilikuwa imeachia. Peter akaishusha ndege salama.

Hapa ndipo ninapokwama kila mara.

Ni rahisi mno kusema kwamba mlango wa magurudumu ni kitu kidogo, kwamba ukiruka bila mlango mmoja hufi. Nadhani hata mimi, kama ningekuwa nimesimama pale uwanjani katika baridi ya Desemba, nikiwa na wakubwa wa chama cha Nazi na wa jeshi wanaosubiri kuonyeshwa ndege, ningeutazama ule mlango nikasema tuweke mwingine. Lakini mlango ulikuwa umeunganishwa kwa gundi, na bawa lilikuwa limeunganishwa kwa gundi. Bawa la He 162 lilikuwa kipande kimoja cha mbao kutoka ncha hadi karibu na ncha, likiwa limefunikwa plaiwudi, na lilibeba uzito wote wa ndege katika kila kona na kila mpando. Mlango haukuwa na kazi nyingine zaidi ya kufunika shimo.

Kwa maneno mengine, kiungo chepesi kuliko vyote kilikuwa kimekwisha kushindwa kazi yake nyepesi.

Ndege ilionyesha dosari nyingine pia siku hiyo. Pua haikutulia, na ilielekea kuteleza kwa ubavu. Yote hayo hayakuonekana kuwa na uzito wa kuahirisha ratiba. Viwanda vilikwisha kupewa maagizo, kwa kuwa uzalishaji ulianza kupangwa kabla ndege haijaruka hata mara moja. Kusimama kwa wiki mbili na kupasua mabawa ili kuangalia viungo kungekuwa kuwaambia watu kama Saur kwamba kuna tatizo, na mbele ya watu hao tatizo lilihesabiwa kuwa uvivu, na uvivu kuwa uhaini.

Siku nne zikapita. Peter akapanda tena ndege ileile, safari hii mbele ya wageni.

Gundi

Gundi iliyofaa kwa kazi hiyo iliitwa Tego. Ilikuja kama karatasi nyembamba sana iliyoloweshwa utomvu wa kiwandani. Fundi aliikata kama kitambaa, akaipanga kati ya tabaka za mbao, kisha tabaka hizo zikabanwa kwa joto mpaka zikawa kitu kimoja. Haikuogopa maji wala ukungu. Kiwanda chake kilikuwa Wuppertal, na kikateketea kwa mabomu ya Waingereza.

Gundi mbadala iliyotumika ilibaki na asidi baada ya kukauka, na asidi hiyo ikala mbao. Jambo hili lilinichukua muda kulielewa vizuri. Kiungo kilichotoka karakana kikiwa imara, kilichopimwa na kupita, kiliendelea kudhoofika hata ndege ikiwa imeegeshwa bandani. Mtihani wa leo haukuwa na maana kesho.

Nilipomweleza fundi wangu, alikaa kimya kidogo.

"Basi huo ni mchwa, mwanangu. Hiyo si gundi."

Na haikuwa mara ya kwanza. Katikati ya mwaka uleule wa 1944, kampuni nyingine, Focke-Wulf, walikuwa na ndege yao ya kivita ya usiku iliyojengwa kwa mbao, Ta 154, na baada ya gundi kubadilishwa, ndege zake zilianza kuvunjika viungo angani. Mpango wake ulisitishwa. Kwa hiyo Heinkel walipokuwa wakichora bawa la mbao mwezi Septemba, ndani ya nchi hiyohiyo na chini ya wizara hiyohiyo, kulikuwa na mabaki ya ndege yaliyoeleza kila kitu. Habari hiyo ilikuwapo. Haikupewa mahali pa kukaa ndani ya siku 90.

Nilipojaribu kuwatetea

Kwa muda nilijaribu kuwatetea. Nilijiambia kwamba vita ni vita, kwamba kila upande ulijenga haraka na kuzika marubani wake wa majaribio, na kwamba ni dhuluma kumhukumu mtu wa mwaka 1944 kwa utulivu wa mtu anayesubiri kiti Keko.

Nikadhani nimepata ushahidi wa kunisaidia. Waingereza nao walikuwa na ndege ya mbao, Mosquito ya de Havilland, ambayo sehemu zake nyingi zilitengenezwa na maseremala wa samani. Nayo pia iliwahi kuachia. Mwishoni mwa 1944, huko India, ambako joto na unyevu ni wa kutisha, baadhi ya Mosquito zilivunjika mabawa angani na kuua waliokuwamo.

Lakini nilipoendelea kusoma, utetezi wangu ulinigeuka. Mwezi Novemba 1944 Mosquito za India zilizuiwa kuruka, zikafanyiwa ukaguzi, na viungo vyake vikachunguzwa. Ni majira yaleyale, mbao ileile, aina ileile ya kosa, tena katikati ya vita dhidi ya Wajapani. Upande mmoja ulisimamisha ndege. Upande mwingine ulibandika mlango na kuita wageni.

Hata hivyo nikajibishana tena na nafsi yangu. Waingereza walikuwa na ndege nyingine za kurusha wakati Mosquito zinakaguliwa. Anayezama hachagui ubao wa kushika. Hoja hiyo ilinitesa kwa siku mbili tatu, mpaka nikarudi kwa Galland. Ujerumani ilikuwa na Me 262. Isichokuwa nacho, kufikia majira yale ya baridi, kilikuwa mafuta ya kurushia ndege na marubani waliofundwa vya kutosha, na He 162 haikuleta hata kimojawapo. Iliongeza idadi ya ndege katika nchi ambayo ndege zilizokuwapo zilikuwa zinalala chini kwa kukosa mafuta.

Basi Peter alikufa akijaribu dawa ya ugonjwa mwingine.

Kilichokuwa mgongoni

Uchunguzi wa ajali ulionyesha kwamba bawa lilihitaji kuimarishwa, lakini ratiba haikusubiri, na tarehe 22 Desemba ndege ya pili ikaruka. Aliyeirusha alikuwa Carl Francke, mkurugenzi wa ufundi wa kampuni yenyewe, na kasi ikawekewa mpaka wa kilomita 500 kwa saa. Namheshimu kwa hilo. Kiongozi aliyetaka watu wapande ndege ile alipanda yeye mwenyewe.

Alichokuta ni kwamba gundi haikuwa ugonjwa pekee. Injini ilikaa juu ya mwili wa ndege, nyuma tu ya kichwa cha rubani, kwa sababu hapo ilikuwa rahisi kuifunga na kuifungua. Lakini uzito wa juu namna hiyo uliifanya ndege iyumbe, na msukumo wake ulielekea kuiinamisha pua. Dawa zilipachikwa kama viraka kwenye kanzu: vipande vya madini ya risasi vikawekwa puani kurekebisha mizani, mkia ukapanuliwa kidogo, na ncha za mabawa zikapachikwa vipande vya aluminiamu vilivyokunjwa kuelekea chini. Ukiona picha ya He 162 utaitambua kwa ncha hizo zilizoinama, kama kuku aliyelowa mvua.

Mizinga ya milimita 30 iliutikisa mwili mwembamba kupita kiasi, hivyo ndege nyingi zikapewa ya milimita 20.

Kisha kuna suala la kutoka. Katika ndege ya kawaida ya wakati ule rubani aliyepigwa alifungua kioo na kujitupa nje. Hapa angejitupa kwenye mdomo wa injini. Ndiyo maana He 162 ilipewa kiti kinachomrusha rubani kwa baruti, miongoni mwa ndege za kwanza kuingia vitani zikiwa na kifaa hicho. Watu hukisifu kiti hicho kama maendeleo, na ni kweli yalikuwa maendeleo. Mimi huwaza kilivyozaliwa: mahali pa injini palikuwa pamekwisha kuamuliwa, na rubani akatafutiwa njia ya kupita.

Waliokusudiwa kuirusha, na waliolazimishwa kuijenga

Jina lile la "ndege ya wananchi" halikuwa pambo. Wazo lilikuwa kwamba vijana wa Umoja wa Vijana wa Hitler, watoto wa miaka 16 na 17, wangefunzwa kwa ndege zisizo na injini, kisha kwa muda mfupi wapandishwe kwenye jeti hii. Jeti ambayo pua yake haitulii. Jeti ambayo injini yake, kama injini nyingi za jeti za wakati ule, ingeweza kuzimika ukiisukuma kwa papara. Jeti yenye mafuta ya nusu saa, maana yake dakika chache tu za kupotea njia kabla ya kutafuta shamba la kutua.

Mpango huo wa watoto haukufika mbali, na nashukuru kuliandika hilo. Walioirusha vitani walikuwa marubani wa kikosi cha JG 1, na baadhi yao walikuwa wakongwe. Hata hivyo, kati ya Aprili na mwanzo wa Mei 1945 kikosi hicho kilipoteza ndege 13 na marubani 10, na zilizoangushwa na adui ni mbili tu. Nyingi kati ya zilizobaki ziliangushwa na injini kuzimika au na mwili wa ndege kuvunjika.

Mbili.

Nimeisoma tarakimu hiyo mara nyingi. Adui aliyewaua watu hawa zaidi ya wote walipanda naye.

Na kuna wengine ambao hawakupanda kamwe. Sehemu ya kazi ya He 162 ilifanyika Hinterbrühl, kusini mwa Vienna, ndani ya mgodi wa zamani wa jasi uliofurika maji mwaka 1912 na kuwa ziwa la chini ya ardhi. Maji yalisukumwa nje, mashine zikaingizwa, na wafungwa wa tawi la kambi ya mateso ya Mauthausen wakawekwa kufanya kazi humo. Mapema Aprili 1945, jeshi la Wasovieti lilipokaribia, wafungwa hao waliswagwa kwa miguu kuelekea Mauthausen, na wagonjwa ambao hawakuweza kutembea waliuawa kabla ya msafara kuondoka. Leo maji yamerudi na watalii huzungushwa kwa mashua juu ya ziwa hilo.

Nilianza makala haya nikifikiri juu ya rubani mmoja na siku zake nne. Siwezi kuyaendeleza bila watu wa mgodini, kwa sababu ratiba iliyokataa kusimama kwa ajili ya mlango ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma wao pia, na kwao haikuhitaji gundi mbovu ili iue.

Leck, kisha Farnborough

Mpango ulitaka ndege elfu moja kwa mwezi. Zilizokabidhiwa jeshi zilikuwa kama 120. Waingereza walipofika kwenye uwanja wa Leck, karibu na mpaka wa Denmark, mwezi Mei 1945, walizikuta He 162 za JG 1 zimepangwa kwa mistari, zimenyooka, tayari kukabidhiwa. Picha zake zipo. Zinapendeza kwa namna inayotia huzuni: ndogo, safi, mwili mwembamba kama samaki, rangi zake bado mpya.

Kadhaa zilisafirishwa hadi Farnborough, kituo cha majaribio ya ndege cha Uingereza, ili zichunguzwe. Huko ndiko Eric Brown alikozirusha, na pamoja na sifa zote alizozitoa, alionya juu ya usukani wa mkia: usikanyagwe kwa nguvu, kwa sababu mkia ule hauaminiki.

Tarehe 9 Novemba 1945, katika maonyesho ya ndege zilizotekwa, rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza aliirusha mojawapo mbele ya watazamaji. Mkia ulivunjika hewani. Ndege ikaanguka, naye akafa, miezi sita baada ya vita kumalizika Ulaya, ndani ya ndege ya watu ambao hawakuwa tena wakipigana naye, na onyo likiwa limekwisha kutolewa.